Usikubali Thamostati Ing'olewe

Peleka Corolla ya zamani inayochemsha kwa fundi wa kando ya barabara, na kabla hajagusa hata mpira wa rejeta atakuambia: "Hiyo thamostati tuitoe, madam. Hiyo ni ya nchi za baridi." Nimeambiwa hivyo Morogoro, nikaambiwa Iringa, na safari moja nikaambiwa Ruaha Mbuyuni na kijana aliyekuwa akiniuzia vitunguu. Mimi nafundisha fizikia sekondari, naishi Iringa mjini, na gari langu ni Corolla 110 yenye injini ya 5A. Kila Desemba linashuka Kitonga kwenda Dar es Salaam, Januari linapanda kurudi. Thamostati yake bado imo.

Ndani ya kidude hicho mna nta. Maji yakiwa baridi nta imeganda, mlango umefungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini tu bila kupita kwenye rejeta. Yakifika kama nyuzi joto 82, nta inayeyuka, inavimba na kuusukuma mlango, ndipo rejeta inapoanza kazi. Injini isiyofikia joto hilo inakula mafuta mengi, mvuke unaotokana na kuungua kwa mafuta unabaki kwenye oili, na ringi zinalika kabla ya wakati wake. Hayo yanatokea Njombe na yanatokea Tanga pia.

Kwenye injini kama yangu kuna jambo la pili, na hili ndilo mafundi wengi hawaambiwi. Thamostati yake ina kisahani kingine upande wa nyuma. Mlango mkuu unapofunguka, kisahani hicho kinaziba ile njia ya mkato ambayo maji yalikuwa yakiipita wakati injini ni baridi. Ukiing'oa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Toyota wenyewe wameonya kwenye vitabu vyao vya gereji: usitoe thamostati hata kama injini inaelekea kuchemsha, kwa sababu kuitoa kunapunguza uwezo wa kupoza.

Fundi naye si mwongo. Ameona magari yaliyopona baada ya kung'olewa thamostati, maana zilikuwa zimekwama zikiwa zimefungwa. Kilichotakiwa hapo ni kufunga nyingine. Na kabla ya kufunga, ijaribu jikoni: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, tumbukiza kipimajoto, washa jiko. Ya Corolla hii inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikikaribia 95 mlango uwe umeinuka takriban milimita 8. Nimenunua mbili mpya, zenye boksi safi kabisa, ambazo maji yalichemka zikabaki zimefumba. Muuza spea alinibadilishia bila ubishi, jambo lililonifanya nishuku kwamba sikuwa mteja wa kwanza kurudi.

Sasa mfuniko wa rejeta. Watu wanauchukulia kama wa chupa, kazi yake kuzuia maji yasimwagike tu. Mfuniko una springi, na juu yake utakuta kwa kawaida namba kama 0.9. Hicho ndicho kiasi cha mgandamizo unaouzuia kabla ya kuachia maji yaende kwenye kile kichupa cha akiba. Wanafunzi wangu wakichemsha maji maabara hapa Iringa, kipimajoto kinagota kwenye 95 au chini kidogo, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari na hewa huku ni nyepesi. Maji yaleyale Kigamboni yangechemka kwenye 100. Weka mfuniko wa 0.9 ulio mzima, na maji ya rejeta hayachemki mpaka yafike karibu 118 pwani, au 115 huku juu. Mfuniko ukichoka, huko Dar gari linaweza kukuvumilia, kisha likakuaibisha Kitonga, na wewe ukamlaumu fundi aliyelishika mara ya mwisho.

Ugeuze uangalie ile raba ya chini. Ikiwa imekauka, imepasuka au imeacha alama ya duara iliyozama, huo umekwisha. Katikati yake kuna kivalvu kidogo kinachofunguka upande mwingine, injini inapopoa, ili maji yarudi kutoka kwenye kichupa. Kikiziba, asubuhi utakuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea na kichupa kimejaa pomoni huku rejeta ina upungufu. Ni spea ya bei ndogo, na nashangaa watu wanaobadilisha rejeta nzima huku mfuniko ukiwa uleule uliotoka Japani.

Kuhusu maji, najua hoja: kulanti ni ya Wazungu wanaoogopa barafu. Barafu hatuna, lakini kutu tunayo. Kulanti ina dawa za kulinda alumini, chuma na raba, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi inasogeza mbele nyuzi kadhaa kiwango cha kuchemka. Maji ya visima vya Dar, yale ya chumvichumvi, yanaacha ukoko kwenye vijitundu vya rejeta kama ule unaoukuta ndani ya birika. Ukikosa kabisa maji yaliyosafishwa, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali kuliko ya kisima. Rangi isikudanganye, kwani maji yenye rangi nyekundu yanauzwa kwenye madumu kila kona. Na iweke mbali na watoto. Ni tamu, na ni sumu.

Feni ya Corolla hii ni ya umeme. Ukitembea kilomita 80 kwa saa upepo wa barabarani unatosha, ila kwenye foleni, au nyuma ya semitrela inayopanda Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea, feni ndiyo kila kitu. Kuijaribu ni rahisi. Injini ikiwa baridi, swichi ikiwa imewashwa, chomoa waya wa sensa ya feni: feni inatakiwa iwake, kwani Toyota waliipanga hivyo ili waya ukikatika injini isiungue. Isipowaka, tafuta fyuzi, rilei au mota yenyewe. Ukikuta imeungwa dairekti, izunguke muda wote tangu unapowasha gari, ujue kuna ugonjwa ulifichwa. Angalia pia lile plastiki linaloizunguka feni. Mafundi wengi hulitupa kwa sababu linawasumbua kufungua boliti, na feni isiyo nalo inavuta hewa ileile ya moto iliyotoka injini.

Mkanda je? Kwenye injini hizi za A, mkanda wa altaneta ndio unaozungusha na pampu ya maji. Kwa hiyo taa nyekundu ya betri ikiwaka njiani usiseme nitafika nayo Ilula. Simama uangalie mkanda, maana ukikatika maji yamesimama na una dakika chache tu.

Wengi wanauamini mno mshale wa temprecha. Kwenye Toyota za miaka hiyo umetulizwa makusudi, unakaa pale chini kidogo ya katikati joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ili dereva asihangaike. Ukiuona umeondoka pale, hata kwa unene wa kidole, tayari kuna neno. Na maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka, dereva akashukuru Mungu kwamba gari limepoa.

Likianza kupanda, zima eisii kwanza. Kisha fanya jambo ambalo abiria watakulalamikia: fungua vioo vyote, washa hita hadi mwisho na feni yake kasi ya juu. Hita ni rejeta ndogo, inatoa joto la injini na kulileta miguuni mwenu. Mshale usiporudi, paki, zima, fungua boneti, kaa mbali. Mfuniko usiguswe mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuungua, hata ikichukua saa nzima. Yale maji yako juu ya 100 na yanazuiwa na mgandamizo tu. Ukiuondoa yanageuka mvuke papo hapo, usoni mwako. Yakipoa, ongeza kidogokidogo injini ikiunguruma. Ndoo ya maji ya baridi kwenye injini iliyoungua ni njia ya uhakika ya kupasua chuma.

Ubaya wa kuchemsha mara moja tu ni kwamba hedi ya injini hii ni alumini na bloku ni chuma. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na ikizidiwa inapinda. Nilisimama gereji fundi wa mashine akilaza rula ya chuma juu ya hedi iliyofunguliwa, akipitisha chini yake kibapa chembamba cha kupimia. Kiwango kinachokubalika kwa hedi ya namna hii ni milimita 0.05, nusu hivi ya unene wa karatasi ya daftari. Kibapa kilipita katikati bila kugusa popote. "Umeona mwanga, madam?" akaniuliza, akaielekeza hedi dirishani rula ikiwa bado juu yake. Mwanga ulipita. Hedi hiyo ilichongwa, ikawekewa gasketi mpya, na mwenye gari alilipa fedha ambayo ingemnunulia mifuniko ya rejeta ya mtaa mzima.

Ndiyo maana mtu akiniomba nimsindikize kununua gari kuukuu, naanzia rejeta, injini ikiwa baridi. Nafungua mfuniko, naangalia rangi ya maji na kama yana utandu wa mafuta, kisha nampa mwenyewe aliwashe. Mapovu yasiyokatika, au moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, ni gasketi. Na kama muuzaji ameshaliwasha na kulipasha moto kabla hatujafika, namwambia tutarudi kesho asubuhi, asiliguse.