Dandan Si Polepole

Mswahili anayejifunza Kijapani akikutana na neno dandan, mara nyingi hulibandika maana ya "polepole" na kusonga mbele. Kosa huanzia hapo. Polepole yetu hueleza mwendo wa mtendaji: tembea polepole, kula polepole. Kwa kazi hiyo Wajapani wana yukkuri. Dandan hueleza hali inayogeuka hatua kwa hatua. Herufi yake, inayorudiwa mara mbili, ina maana ya kidato cha ngazi. Hata mashamba yaliyokatwa ngazi-ngazi mlimani huitwa dandanbatake.

Ndiyo maana dandan hutaka kitenzi cha mabadiliko, hasa naru, yaani "kuwa". Dandan samuku natte kimashita: baridi imekuwa ikiongezeka hadi sasa. Kimashita hutoka kwenye kitenzi "kuja", kwa hiyo mabadiliko yanamjia msemaji. Ukiweka ikimasu, ya "kwenda", unatazama siku zilizo mbele.

Neno jingine la mabadiliko, masumasu, hudai kwamba hali iwepo kwanza. Asubuhi ya joto huwezi kusema masumasu samuku. Baridi ianze kuuma, ndipo izidi. Kwetu kazi hii hufanywa na kitenzi -zidi, na kwa maoni yangu hili ndilo neno jepesi zaidi kwa Mswahili kulishika, akikumbuka tu kwamba mvua haiwezi kuzidi kabla ya kunyesha.

Dondon lina kasi: mambo yanakwenda mfululizo bila kusita. Mwenyeji akimkaribisha mgeni husema dondon tabete kudasai, kula tu, usione haya. Akisema dandan tabete kudasai, mgeni atashangaa, kwa kuwa dandan haiendi na amri. Akitaka mgeni ale kidogo kidogo, atasema sukoshi zutsu. Na hapa Kiswahili kinatusaidia sana: zutsu hufanya kazi ambayo sisi huifanya kwa kurudia neno. Hitotsu zutsu ni moja moja, futatsu zutsu ni mbili mbili.

Shidai ni na jojo ni, yanayokaribiana na dandan kwa maana, ni maneno ya hasa maandishi na taarifa za habari, kwa hiyo yanaweza kusubiri.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, usiandike dandan peke yake daftarini. Iandike ndani ya sentensi nzima, pamoja na naru.