Dieudo Hamadi: Mtoto wa Kisangani Aliyeshika Kamera

(Muziki wa kufungua, kisha ushuke taratibu)

MTANGAZAJI: Leo ninaongea nanyi kutoka Kasubi, hapa Kampala. Kwenye kilima cha huku wamezikwa Makabaka wanne wa Buganda. Nyumba yao kubwa ya nyasi iliungua mwezi wa tatu mwaka 2010, na watu wakafanya kazi ya kuijenga upya, maana hawakutaka wafu wao wasahauliwe.

Lakini wafu ambao hawakuwa wafalme, nani anatunza habari zao? Leo nitakueleza kuhusu Mkongomani mmoja anayefanya kazi hiyo kwa kamera.

Anaitwa Dieudo Hamadi. Alizaliwa Kisangani mwaka 1984. Alianza kusomea udaktari, halafu akaingia kwenye filamu. Filamu zake ni za maisha ya kweli. Mara nyingi anashika kamera yeye mwenyewe, na anakaa na watu muda mrefu mpaka wanamzoea.

Tazama mambo anayochagua. Katika kazi yake moja ya mwanzo, utaona akina mama waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua kwa sababu hawana pesa za kulipa. Mwaka 2014 alitoa filamu ya wanafunzi wa Kisangani waliofukuzwa darasani kwa kukosa karo, wakajikusanya wenyewe kujiandaa kwa mtihani wa taifa. Mwaka 2017 alitoa Maman Colonelle, kuhusu Kanali Honorine Munyole, polisi mwanamke aliyekuwa akilinda wanawake waliobakwa na watoto wanaoteswa. Kanali huyo alihamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, na huko akakutana na watu wenye kidonda cha zamani.

(Muziki mfupi)

Kidonda hicho ni Vita vya Siku Sita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani, mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Mabomu yalianguka kwenye nyumba za watu. Mamia ya raia waliuawa, na wengine wakabaki bila mguu au mkono. Mwaka huo Hamadi alikuwa bado kijana.

Mwaka 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilisema Uganda ilivunja sheria na inapaswa kuilipa Kongo fidia. Miaka ikapita. Waathirika wakangoja.

Ndipo Hamadi akatengeneza En route pour le milliard, yaani "Njiani kuifuata bilioni", iliyotoka mwaka 2020. Kundi la walemavu wa vita ile linapanda chombo na kushuka mto Kongo mpaka Kinshasa, kudai haki yao. Mvua inawanyeshea njiani. Wakifika bungeni, wanazuiwa mlangoni. Filamu hiyo ilichaguliwa na tamasha la Cannes, Ufaransa, ikiwa ya kwanza kutoka Kongo katika orodha yake rasmi.

Tarehe 9 Februari 2022, mahakama ilitaja kiasi: dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu. Tusidanganyane, filamu siyo iliyotoa hukumu. Na pesa ikilipwa kwa serikali, bado ina safari ndefu mpaka imfikie mwenye mguu wa bandia. Lakini anayeitazama filamu ile hawezi tena kusema "waathirika" kama neno tu. Ameona sura zao, amewasikia wakicheka na kugombana.

Msikilizaji, mguu uliokatika ni jambo la nyumbani kwako. Nani alirusha bomu, na nani atalipa, hayo ni siasa. Hamadi havitenganishi.

Na kambini je? Wageni huja na kamera, wanatuomba tulie, kisha wanaondoka. Una haki ya kuuliza: picha hii ni ya nini, na itaonyeshwa wapi? Una haki ya kukataa, na kukataa hakupaswi kukukosesha posho. Na wewe kijana mwenye simu, anza na bibi yako anayekumbuka kijiji. Omba ruhusa kwanza. Usionyeshe sura ya mtoto wala ya mtu aliyebakwa. Usimkatize. Akinyamaza, mngojee.

(Muziki)

MASWALI YA KUJADILIANA BAADA YA KIPINDI

1. Ni tukio gani la kwenu ambalo hakuna aliyelirekodi?
2. Nani bado yuko hai wa kulisimulia, na yuko tayari?
3. Kuna habari gani ambazo ni afadhali zisirekodiwe sasa, kwa usalama wa watu?



(Muziki wa kufunga)