Ndoo ya Newala na elimu ya mwendo

Nenda bombani Newala alfajiri, uangalie kabla hujateka. Mama anakunja kipande cha khanga, anakizungusha kiwe ngata, anakiweka utosini. Halafu anamgeukia aliye karibu: "Nitwishe, dada." Wawili wanashika ndoo, mmoja huku mmoja kule, inapanda kwa pamoja, na mwenye mzigo anaondoka bila hata kuishika. Shingo imenyooka, mabega yametulia, maji hayamwagiki.

Ipo elimu inayochunguza jambo hilohilo. Inaitwa kinesiolojia, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwendo, nayo huuliza jinsi misuli, mifupa, moyo na ubongo vinavyoshirikiana mtu anapojongea. Wengi wetu tukisikia habari hizo tunafikiria uwanja wa mpira na trakisuti. Lakini mwaka 1985 watafiti watatu wa Marekani, Caspersen, Powell na Christenson, walitenganisha mambo mawili ambayo mpaka leo tunayachanganya. Kushughulisha mwili ni kila mjongeo wa misuli unaotumia nishati: kulima, kutwanga, kupanda mlima. Mazoezi ni sehemu tu ya hayo, ile iliyopangwa na kurudiwarudiwa kwa nia ya kujenga mwili. Kwa maana hiyo yule mama anaushughulisha mwili wake tangu alfajiri, ingawa hakuna anayemwita mwanamichezo.

Na wa Newala wameushughulisha zaidi ya wengi. Udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde hunywa mvua upesi, na maji huja kutokea chini kwenye mabonde. Hata baada ya mradi wa maji wa Makonde kuanza miaka ya 1950, wanawake wengi waliendelea kushuka miteremko na kuipanda tena na mzigo kichwani.

Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyowashangaza wanasayansi. Waliwapima wanawake wa Kenya pumzi walizotumia wakitembea na mizigo: Wajaluo wanaobeba kichwani, na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Mpaka mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nishati zaidi kuliko walipotembea mikono mitupu. Maelezo yalikuja mwaka 1995. Kila hatua mwili hupanda juu ya mguu uliokanyaga, kisha hushuka, na nguvu ya kushuka husukuma hatua inayofuata, kama bembea. Mtembeaji wa kawaida hupoteza kama theluthi ya nguvu hiyo njiani. Wanawake wale, wakishabeba, walipoteza pungufu ya hapo. Huo ni ujuzi wa mwili, uliojengwa kwa miaka mingi ya kubeba tangu utotoni, na unastahili heshima ileile tunayompa mkimbiaji.

Lakini tuhesabu. Mama wa kilo 55, asilimia 20 yake ni kilo 11. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, bado ndoo yenyewe. Zinazozidi hapo mwili unazilipia, na shingo nayo inalipa. Uchunguzi wa baadaye huko Afrika Kusini ulionyesha pia kwamba nafuu hiyo haimfikii kila mbebaji; watu wanatofautiana sana. Isitoshe, misuli hujengeka katika pumziko linalofuata kazi, na mchota maji wa kila siku hana siku ya pumziko.

Kwenye mikorosho hesabu ni kali zaidi. Msimu ukifika, mvunaji huinama tangu asubuhi akiokota mabibo na kuondoa korosho. Mgongo hufanya kazi kama wenzo. Ukinyanyua kilo 10 zikiwa sentimita 40 mbele ya kiuno, misuli inayoushikilia uti, ambayo iko sentimita 5 tu nyuma yake, huvuta kama kilo 80, kabla ya kuhesabu uzito wa kiwiliwili. Kunja magoti, vuta mzigo karibu na tumbo, na hesabu hiyo inashuka papo hapo.

Wa mjini tuna tatizo la upande wa pili. Mwaka 1953 mtafiti Jeremy Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Bodaboda, ofisi na kaunta za maduka zinatukalisha vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kutembea kwenda kazini nako kunahesabika.

Ninayemwonea huruma zaidi ni binti wa darasa la tano niliyemwona akipanda mteremko na ndoo ya mama yake. Mtoto wa kilo 30, hata tukimpa kipimo kile cha watu wazima, anastahili kilo 6. Mzazi unayesoma haya, nunua dumu la lita 5, liwe lake.