Televizyo ya koperative: tuiweke wapi ili watu waone na wasikie?

Mwaka uliopita, mu kijiji kimoja upande wa Kalehe, nilionyesha memba wa koperative filamu ya dakika 20 juu ya mozaiki ya muhogo. Tuliweka televizyo juu ya meza mbele ya dirisha kubwa, sababu waya ya jenereta ilikuwa inafika pale tu. Watu karibu 60 wakakaa. Kisha filamu, tukaenda mu shamba kuchagua miti ya kupanda. Mama mumoja mwenye alikuwa amekaa nyuma akaniletea mafungu mawili, yote imekatwa kwenye mashina yenye majani ya kukunjamana na madoa ya manjano. Nikamuuliza: "Mama, haukuona kwenye filamu namna majani ya ugonjwa iko?" Akanijibu: "Mwanangu, mimi niliona majani nyeusi tu. Yote ilikuwa nyeusi."

Alisema kweli, na kosa lilikuwa langu. Kama angepanda ile miti, mozaiki ingeingia pamoja nayo mu shamba lake, na muhogo si maharagi: munangojea mwaka muzima kabla ya kujua kama mulipoteza.

Mimi ni agronome, si fundi wa televizyo. Lakini tangu siku ile ninaangalia nyumba ya mukutano kabla ya kuwasha kitu chochote.

Tuanze na dirisha. Jicho linajipima na mwangaza mukubwa wenye uko mbele yake. Dirisha likiwa nyuma ya televizyo, jicho linajifunga kidogo juu ya ule mwangaza wa inje, na kioo cha televizyo kinaonekana giza. Ni sawa na kupiga mutu picha na telefone huku dirisha liko nyuma yake: uso unatoka mweusi. Rangi ndiyo inapotea kwanza, na kwa sisi wakulima rangi ndiyo habari yenyewe: manjano ya mozaiki, wekundu wa kahawa yenye kukomaa.

Sasa mutu atasema: basi tugeuze, dirisha likuwe mbele ya televizyo. Pale kioo kinageuka kuwa kama kile cha kujiangalilia, munaona dirisha na vichwa vyenu ndani yake. Kuna njia rahisi ya kupima: televizyo ikiwa imezimwa bado, mutu akae kwenye kila benchi na aangalie. Kama anaona mwangaza wa dirisha ao wa mulango ndani ya kioo, muigeuze kidogo kidogo mpaka upotee. Mara nyingi inaenda vizuri wakati madirisha iko upande wa kuume ao wa kushoto wa watu, yenye karibu imefunikwa na kikwembe ao shitingi.

Lakini musifanye giza kabisa. Watu wanapaswa kuandika, na kuangalia majani yenye mulileta kutoka shamba. Tena wanapaswa kuona uso wa mwenye anatafsiri, sababu mutu anasikia vizuri zaidi wakati anaona midomo ya mwenye kusema. Wazee wenye masikio imechoka wanajua hiyo kutushinda.

Televizyo ya inchi 32 ina upana wa santimetre karibu 70. Mimi sipitishi benchi ya mwisho zaidi ya metre 4. Pia televizyo nyingi za bapa zinabadilisha rangi wakati mutu anaziangalia kutoka pembeni, kwa hiyo musipanue mabenchi sana. Ni kusema watu 20 ao 25 kwa mara moja. Kama muko 60, muonyeshe mara tatu. Ndiyo, mafuta ya jenereta itaongezeka. Lakini kuonyesha watu 60 wakati 20 tu wanaona, hayo ndiyo mafuta ya bure. Chini ya kioo ifike kwenye kichwa cha mutu mwenye amekaa, na kioo kiiname kidogo kuelekea watu.

Sauti nayo inapungua haraka: mutu mwenye iko mbali mara mbili, nguvu ya sauti yenye inamufikia ni robo tu. Na televizyo za bapa zina bafle ndogo, mara nyingi zinaangalia chini ao nyuma. Kama muko na bafle ya pembeni, muiweke juu kidogo kuliko vichwa, isizibwe na watu wa benchi ya kwanza. Kuta za matofali zinarudisha sauti na kuchanganya maneno. Vikwembe vyenye mulitundika kwenye madirisha vinapunguza ile mwangwi.

Jenereta ikae inje, mbali, upande wenye hauna dirisha. Isikae hata siku moja ndani ya nyumba ao kwenye veranda: moshi wake unaua watu, na hawasikii harufu ya kile chenye kinawaua.

Mwenye kutafsiri asimamishe filamu kwanza, kisha aseme. Sauti mbili pamoja, hakuna yenye inasikika. Na mvua ikianza kupiga manjanja, musiongeze sauti, hamutaishinda. Muzime, mupitishe majani yenyewe mu mikono ya watu, na filamu itaendelea kisha mvua.