Kioo Cheusi: Linux Inapokataa Kuonekana Ndani ya Mashine Pepe

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za chumba chetu, kama zile za ofisi za parokia nyingi, ni za zamani mno kuweza kupokea Windows 11. Ndipo lilipozuka swali la kuhamia Linux. Baba Gombera alikubali tujaribu kwa sharti moja: ionekane kwanza ikifanya kazi, bila kugusa hata faili moja la mtu. Sharti hilo linatimizwa na mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta ya kweli kwa programu kama VirtualBox. Mfumo unaousakinisha humo (au kuuinstoli, kama tunavyosema wengi) unakaa katika faili moja kubwa. Ukiharibika unalifuta faili hilo, na kompyuta yako inabaki kama ilivyokuwa.

Tatizo ni kwamba wengi hukata tamaa mapema. Wanawasha, menyu inatokea, wanabonyeza Enter, kisha kioo kinakuwa cheusi. Frateri mmoja aliyekuwa amebakiza sura moja ya tasnifu yake alifikia hapo, akaona mashine pepe ni usumbufu, akachukua flashi na kusakinisha Linux moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Alipoulizwa kuhusu diski, akachagua kufuta yote. Linux ilikubali, na inafanya kazi vizuri hadi leo. Tasnifu ndiyo haikurudi. Kwa sababu hiyo naandika kwa kirefu kuhusu jambo ambalo kwa mafundi ni dogo: kile kioo cheusi mara nyingi kinarekebishika kwa dakika kumi.

Tuelewe kwanza kinachotokea. Mashine pepe haina kadi ya picha ya kweli. VirtualBox inaiigiza, na kwa wageni wa Linux kadi inayopewa kwa kawaida tangu toleo la 6.0 inaitwa VMSVGA, ambayo inaiga kadi ya kampuni nyingine, VMware. Linux inapoanza kuwaka hutumia kwanza picha rahisi inayoandaliwa na programu ya awali ya mashine. Baada ya sekunde chache keneli, ambayo ndiyo moyo wa Linux, hutafuta draiva inayolingana na kadi, huikabidhi kazi, na draiva hupanga upya ukubwa wa picha. Kioo huwa cheusi katika makabidhiano hayo. Draiva na kadi ya kuigiza wasipoelewana, mfumo unaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila hakuna anayeuchora. Ni kama redio inayosoma taarifa ya habari huku spika imechomolewa.

Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha kama mgeni yu hai. Tazama alama ndogo zilizo chini ya dirisha la VirtualBox: ile ya diski ikimetameta, kuna kazi inaendelea. Kisha shika Ctrl ya kulia na kubonyeza F2. Katika VirtualBox, Ctrl ya kulia pamoja na F2 humpelekea mgeni Ctrl+Alt+F2, na Linux iliyo hai hufungua ukurasa wa maandishi matupu ukiomba jina la mtumiaji. Ukiuona huo ukurasa, furahi. Mfumo ni mzima, kinachougua ni picha tu.

Uvumilivu nao una nafasi yake. Katika kompyuta ya zamani yenye diski ya kuzunguka, weusi wa dakika tatu au nne unaweza kuwa ni uzito tu. Ukiona chini ya dirisha alama ya kobe wa kijani, maana yake Windows imeshika yenyewe uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, na VirtualBox inapitia kwake kwa mzunguko. Hapo kila kitu huenda kwa mwendo wa huyo kobe. Na kama VirtualBox inakataa kabisa kuwaka ikitaja VT-x au AMD-V, tatizo si la picha. Uwezo huo umezimwa kwenye BIOS, ingia huko uuwashe.

Tuseme sasa mgeni yu hai na kioo bado ni cheusi. Zima mashine pepe kabisa kwa kuchagua "Power off". Usiihifadhi katika hali yake, kwa sababu mashine iliyohifadhiwa hivyo haikubali kubadilishiwa mipangilio hii na utaona maandishi yamefifia. Fungua "Settings", kisha "Display". Humo kuna mambo matatu ya kutazama.

La kwanza ni kumbukumbu ya picha. Aghalabu utaikuta MB 16. Ipandishe hadi 128.

La pili ni kisanduku cha "Enable 3D Acceleration", na hapa nakiri kosa langu. Siku ya kuwaonyesha walimu nilikiwekea alama nikidhani kuongeza nguvu hakuwezi kudhuru. Usiku uliotangulia Linux ilikuwa imewaka vizuri, ila asubuhi, mbele ya walimu wanane, ikatoa mistari iliyokatikakatika kisha giza. Kisanduku hicho humruhusu mgeni kuazima kadi ya picha ya kompyuta ya kweli, na kadi ya zamani yenye draiva ya zamani haiwezi kuazimisha isichokuwa nacho. Kiondolee alama wakati wa kusakinisha. Baadaye, mambo yakishatulia, unaweza kujaribu kukirudisha.

La tatu ni aina ya kadi, yaani "Graphics Controller". Anza na VMSVGA. Ikikataa, jaribu VBoxSVGA. Watumiaji wa matoleo mapya ya keneli wakati mwingine huona, kabla ya giza, sentensi ya Kiingereza inayoanza na neno vmwgfx na kulalamika kwamba inaendeshwa katika mazingira isiyoyatambua. Isikutishe. Hiyo ndiyo draiva ya kadi ya VMware ikigundua kwamba kadi iliyopewa ni ya kuigiza. Wengi huiona na bado kioo kinawaka. Kama kwako haikuwaka, hicho ndicho kidokezo cha kubadilisha kadi.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, uwashe, uone. Ukibadilisha yote matatu kwa pamoja na kioo kikawaka, hutajua kilichokuponya, na utakapofika kwenye kompyuta ya pili utaanza kubahatisha upya.

Hayo yote yakishindwa, kuna neno moja ambalo kila anayesakinisha Linux anapaswa kulijua: nomodeset. Linaiambia keneli isifanye yale makabidhiano, iendelee na picha rahisi ya mwanzo. Wasambazaji wa Linux wanalifahamu tatizo hili kiasi kwamba wameweka njia ya mkato kwenye menyu ya kwanza: Ubuntu huiita "safe graphics" na Linux Mint "compatibility mode". Chagua hiyo. Ukitaka kuliandika mwenyewe, simama juu ya mstari wa kwanza wa menyu na ubonyeze herufi e (katika menyu za mtindo wa zamani ni Tab). Tafuta mstari unaoanza na neno linux. Karibu na mwisho wake utaona:

quiet splash

Futa maneno hayo mawili na uandike nomodeset mahali pake, kisha ubonyeze F10, au Enter kama uliingia kwa Tab. Kuondoa quiet splash kuna faida ya ziada, kwa sababu badala ya nembo nzuri utaona maandishi yakipita, na mashine ikikwama utajua imekwama wapi. Mimi huyaondoa kila mara. Nembo haijawahi kunisaidia kutambua ugonjwa.

Kuna shida nyingine inayofanana na hitilafu lakini si hitilafu. Picha inatokea ikiwa ndogo, nukta 800 kwa 600, na vitufe vya kuendelea vimezama chini ya ukingo wa kioo. Nimeona mtu akikaa nusu saa mbele ya ukurasa wa kuchagua lugha akidhani programu imeganda, kumbe kitufe cha kuendelea kiko chini, hakionekani. Katika Mint shika Alt, bonyeza popote ndani ya dirisha na ulivute juu. Katika Ubuntu tumia kitufe chenye alama ya Windows badala ya Alt. Au fungua tamina na uandike:

xrandr -s 1024x768

Katika mazingira mapya ya Wayland amri hii huenda isifanye kazi. Hapo nenda kwenye mipangilio ya kioo ya Linux yenyewe.

Usisahau kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta. Anayempa mgeni GB 1 kisha akamtaka aonyeshe madirisha yenye vivuli anamwonea. Linux Mint inahitaji angalau GB 2, na 4 ni bora zaidi. Kwa kompyuta yetu yenye GB 4 kwa jumla mgeni hapewi zaidi ya 2, kwa hiyo tunachagua toleo jepesi la Xfce. VirtualBox yenyewe inaonyesha kwa rangi ya kijani mahali pa kuishia. Kuvuka hapo ni kumnyima chakula mwenye nyumba ili mgeni ashibe, na wote wawili watalala njaa.

Lipo pia faili lenyewe la Linux, la GB mbili, tatu au zaidi, ulilolipakua kwa mtandao unaokatikakatika. Likifika pungufu, picha hukwama kwa namna zisizoeleweka: leo giza, kesho ujumbe wa makosa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ukiwa katika folda lilipo faili hilo na uandike, ukiweka jina halisi la faili lako:

certutil -hashfile linux.iso SHA256

Linganisha mlolongo wa herufi unaotokea na ule uliochapishwa kwenye tovuti ulikopakua. Herufi moja ikitofautiana, pakua tena. Ningekushauri uanze na hatua hii siku zote, maana sisi tuliwahi kupoteza jioni nzima tukibadilisha kadi za picha kumbe faili lenyewe lilikuwa na kasoro.

Usakinishaji ukiisha, Linux huomba uondoe diski ya kusakinishia na ubonyeze Enter. Mara nyingine ujumbe huo wenyewe unafichwa na weusi. Bonyeza Enter tu. Mashine ikirudi tena kwenye menyu ya kusakinisha, lile faili la ISO bado limechomekwa, liondoe kwenye "Settings", sehemu ya "Storage".

Kama ulihitaji nomodeset wakati wa kusakinisha, huenda ukaihitaji tena katika kuwaka kwa kwanza. Shika Shift mashine inapoanza (au gusa Esc ikiwa mashine pepe inatumia EFI) ili menyu ya GRUB ijitokeze, ufanye kama mwanzo. Ukishaingia, sasisha mfumo:

sudo apt update && sudo apt upgrade

Kisha weka vifaa vinavyohitajika na programu za mgeni za VirtualBox:

sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

Halafu kwenye menyu ya "Devices" chagua kuingiza diski ya Guest Additions, iendeshe, uzime na kuwasha. Baada ya hapo kioo kinapaswa kujinyoosha kulingana na ukubwa wa dirisha, na nomodeset haihitajiki tena. Usiiache bila sababu, kwa kuwa inamzuia draiva aliyekuja kukuhudumia. Hapo piga ile picha ya hali ya mashine iitwayo "Snapshot". Ukiharibu chochote kesho, unarudi hapo kwa dakika moja.

Wapo wanaoandika nywila, kioo kinapepesa, na ukurasa wa kuingia unarudi, tena na tena. Hiyo si kadi. Nenda kwenye ukurasa wa maandishi kwa Ctrl ya kulia na F2, ingia, uandike df -h. Diski ikiwa imejaa asilimia 100, mazingira ya picha hayana pa kuandika mafaili yake madogo. Mtu aliyetenga GB 10 kwa kubana matumizi hukutana na hili mapema, tenga 25 tangu mwanzo. Diski ikiwa na nafasi, andika ls -l ~/.Xauthority. Likionekana kuwa mali ya root, lifute kwa sudo rm ~/.Xauthority na uingie upya. Litaundwa jingine.

Jambo moja kwa wenye hamu ya kuhamia kwenye kompyuta ya kweli: kuwaka ndani ya mashine pepe kunathibitisha kwamba programu unazohitaji zipo na kwamba umezoea mazingira. Hakuthibitishi kwamba kadi ya picha ya kompyuta yako itakubali, kwa sababu humo ndani kadi ilikuwa ya kuigiza. Washa kwanza kwa flashi bila kusakinisha, utazame kioo, sauti na Wi-Fi. Na nakala ya tasnifu iwe kwenye flashi nyingine, iliyochomolewa.

Ukikwama kabisa, njoo chumba cha kompyuta Jumamosi baada ya usafi. Usije na maneno "imegoma" peke yake. Bofya jina la mashine yako kwa kitufe cha kulia, chagua "Show Log", uhifadhi faili hilo la VBox.log na uje nalo, pamoja na picha ya simu ya mstari wa mwisho ulioonekana kabla ya giza.