Umeme wa Akiba: Kipi Kiendelee, Kipi Kisubiri?

Tangu mwaka 2010, kisiwa cha Pemba hupata umeme kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kilitegemea majenereta ya dizeli. Unafuu ulioletwa na kebo hiyo ni mkubwa, lakini njia ikiwa moja, hitilafu moja hugusa wengi. Kwa sababu hiyo, skuli, vituo vya afya, ofisi na maduka huweka betri na inveta. Kosa linaloweza kuwagharimu ni kuunganisha kila kifaa kwenye umeme huo wa akiba.

Vituo vikubwa vya data havifanyi hivyo. Kila seva huwekewa ukomo wa wati, na kila kazi hupewa daraja. Matumizi yanapokaribia uwezo wa kituo, seva zenye kazi za kusubiri hupunguziwa kasi kwanza, na zile za malipo na mawasiliano huendelea. Bila utaratibu huo breka hujikata, na wote wakakosa. Nasi tunaweza kufuata kanuni hiyo hiyo.

Jueni ukomo wenu. Wati za inveta huonesha vifaa vingapi vinaweza kuwaka kwa pamoja. Betri huonesha vitawaka kwa muda gani. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina takriban wati-saa 1,200, na inashauriwa kutumia nusu tu ili idumu. Seva ndogo ya wati 150, ruta ya wati 14 na taa nne za wati 9 hufikia wati 200. Wati-saa 600 zitatosha chini kidogo ya saa tatu. Feni mbili za wati 60 zikiongezwa, muda hushuka chini ya saa mbili.

Pangeni madaraja. Daraja la kwanza ni kile ambacho kuzimika kwake huleta hasara isiyorekebishika: friji la chanjo au seva yenye kumbukumbu za wagonjwa. La pili ni ruta na taa. La tatu ni feni na printa. Pasi na birika la umeme visiunganishwe kabisa. Kumbukeni pia kuwa friji linapoanza kuwaka huvuta wati nyingi mara kadhaa kuliko linapoendelea. Inveta iwe na uwezo huo.

Seva isizimike ghafla. Kumbukumbu inayoandikwa wakati huo huweza kuharibika. Mwombeni fundi aiwekee mpangilio wa kujizima yenyewe kwa utaratibu betri inapopungua.

Kabla ya kununua inveta, jumlisheni wati za vifaa vya daraja la kwanza na la pili, kisha mpelekeeni muuzaji hesabu hiyo. Orodha ya madaraja ibandikwe karibu na inveta, ili atakayekuwa zamu usiku asilazimike kukisia.