Rais Asiye na Wingi wa Wabunge: Habari za Malawi, 2004 hata 2009

Sisi tukaao Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa tumezoea kuona Bunge la Tanzania likiwa na chama kimoja kilichopita vyote kwa hesabu ya wabunge. Kwa hiyo watu huuliza: Je, serikali yaweza kutawala ikiwa wabunge wake ni wachache? Jibu twalipata ng'ambo ya ziwa, kwa jirani zetu wa Malawi.

Tarehe 20 Mei 2004 Wamalawi walichagua Rais na wabunge siku moja. Bwana Bingu wa Mutharika, aliyesimamishwa na chama cha UDF, alipata urais kwa kura zipatazo 36 katika kila mia. Bunge lao lilikuwa na viti 193, na wingi wake ni viti 97. Hakuna chama kilichofikia hesabu hiyo. Tena Februari 2005 Rais aligombana na wakubwa wa UDF, akatoka, akaunda chama kipya cha DPP. Wabunge kadha wa kadha walimfuata, lakini hawakutosha.

Yafaa kufahamu ya kuwa Uingereza, Waziri Mkuu akikataliwa na wabunge walio wengi, hana budi kujiuzulu au kuitisha uchaguzi. Malawi sivyo. Rais huchaguliwa na watu wenyewe, naye hukaa mpaka muda wake uishe, isipokuwa theluthi mbili za wabunge wamwondoe kwa mashtaka. Wapinzani walijaribu jambo hilo mwaka 2005, wasifaulu. Walakini Rais hawezi kutumia fedha za nchi pasipo idhini ya Bunge. Na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Kifungu cha 65 cha Katiba yao chaamuru kwamba mbunge akikihama chama chake na kuingia kingine kilichomo Bungeni, hupoteza kiti. Juni 2007 mahakama yao ya juu kabisa ilithibitisha neno hilo. Wapinzani wakasema, "Wahamaji kwanza, bajeti baadaye." Serikali ikasema, "Bajeti kwanza." Mwezi wa Julai, ambao wakati ule ulikuwa mwanzo wa mwaka wa fedha, ukaingia bajeti haijapitishwa.

Katika bajeti hiyo zilikuwamo fedha za mbolea ya ruzuku, iliyoanza kutolewa msimu wa 2005 baada ya ukame na njaa. Kila mkulima wa Mbinga ajua kwamba mbolea ikichelewa kufika shambani faida yake hupungua. Mahindi hayangoji wabunge wapatane. Mwishowe bajeti ilipita, lakini mwaka 2008 ugomvi ule ule ukarudi.

Ulikwisha kwa kura. Tarehe 19 Mei 2009 Bwana Mutharika alishinda kwa kura zipatazo 66 katika kila mia, na DPP ikapata wingi Bungeni. Lakini wingi nao wataka kiasi: mwaka 2010 Bunge hilo lilibadili bendera ya taifa huku wengi wakinung'unika, na mwaka 2012 ile ya zamani ikarudishwa.

Basi, wazee na walimu, tuwafahamishe watu wetu ya kuwa kura ya mbunge si ndogo kuliko kura ya Rais. Rais huomba fedha. Mbunge ndiye azikubaliye au azikataaye.